Chaji ipi, Afande?

Kituo nilichopelekwa kilikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, na juu ya kaunta paliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: POLICE BOND IS FREE, yaani dhamana ya polisi ni bure. Nilikaa sakafuni nikiyasoma maneno hayo labda mara mia, maana hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Viatu nimevuliwa, mshipi nimevuliwa. Askari wa kaunta alikuwa anaandika kwenye daftari kubwa. Bila kuinua macho akaniambia, kwa Kiswahili chetu cha Uganda kile cha kambini na barabarani:

"Wewe kijana, kesho asubuhi tunakuchaji."

Nikapiga hesabu haraka. Mfukoni nilikuwa na elfu saba. Nyumbani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kulikuwa na elfu ishirini na tatu nilizoweka za kununua tindikali ya betri. Nikameza mate, nikauliza kwa adabu yote niliyofundishwa nyumbani:

"Ngapi, Afande?"

Kalamu ikasimama. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Umesema?"

"Nauliza mtanichaji pesa ngapi, Afande. Nimpigie shangazi azilete."

Akamwita mwenzake aliyekuwa nje anakunywa chai. "Njoo usikie mwenyewe. Huyu anataka kuninunua hapa hapa kaunta, mchana kweupe!" Nikaona daftari linafunguliwa ukurasa mpya, na nikaelewa kwamba kosa langu limeongezeka, ila sikujua limeongezekaje.

Hiyo ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, ada ya kuendelea haikupatikana. Nilikuwa na kibanda cha mbao na bati moja pale Bombo, kando ya barabara kuu inayotoka Kampala kwenda Gulu, na kazi yangu ilikuwa kuchaji simu za watu. Wanaokumbuka mwaka ule wanajua biashara ile ilivyolipa. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka, mitambo ya Jinja haikuzunguka inavyotakiwa, na stima ikawa ya zamu: leo mnayo, kesho giza. Nasema stima kwa makusudi. Kwa Mganda wa siku zile, ukitamka "umeme" alidhani unaizungumzia kampuni iliyokuwa imeanza kusambaza nguvu hiyo mwaka 2005 kwa jina hilo hilo, na neno letu la radi na mwanga wa mawinguni likageuka jina la mtu wa kukuletea bili. Nalitaja tu kwa kuwa nasimulia habari za maneno yanayohama nyumba.

Nilikuwa na betri ya lori, inveta ndogo, na waya wenye vichwa kumi na viwili: pini kubwa, pini ndogo, na ile chaja ya kubana betri yenyewe ikitolewa kwenye simu. Kila simu nilifunga karatasi yenye namba kwa mpira, na nusu ya karatasi akaondoka nayo mwenyewe. Mbele ya kibanda niliandika kwa rangi ya mafuta: WE CHARGE PHONE 500. Sasa hivi naliona kosa la kiingereza chake, lakini pia naona kwamba lile "charge" lilikuwa limebeba maana mbili kwa mpigo, yaani tunazijaza simu na tunakutoza, na mteja hakuhitaji maelezo. Hizo mbili ndizo nilizokuwa nazo. Nilizitumia kutwa nzima bila kuzichanganya, hata siku mzee mmoja aliponijia na betri iliyovimba kama andazi akilalamika kuwa "nimemuovachaji". Nikamrudishia mia tano yake. Akakataa, akasema hakuja kwa ajili ya pesa, amekuja kwa ajili ya betri. Ningejua siku ile kuwa nimepewa onyo, ningelishika.

Simu iliyonipeleka kituoni ilikuwa namba 14. Kijana nisiyemfahamu aliiacha asubuhi. Mchana akapita mtu mwingine kununua muda wa maongezi, akaiona ikining'inia kwenye waya wake, akaitambua kwa ufa na kibandiko cha Arsenal kilichokuwa mgongoni. Ilikuwa imeibwa juzi yake. Mimi nilikuwa na nusu ya karatasi tu, na mwenye nusu ya pili hakuonekana tena siku hiyo.

Shangazi alifika magharibi na barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, mkononi. Huyu ni dada wa baba, na Bombo nzima hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, kile cha ngazi ya tatu, na mkubwa wa kituo cha afya Uganda huitwa "in-charge". Basi yeye ni Inchaji. Watoto wake waliitwa watoto wa Inchaji, na hata mbuzi wake akila mihogo ya jirani, ilikuwa ni mbuzi wa Inchaji.

Akasikiliza mashtaka yote mawili, la simu na la rushwa. La pili likamfanya ashike mdomo.

"Afande," akasema, "huyu mtoto wa kaka yangu kazi yake kuchaji simu. Chaji anayoijua ni hiyo na ya mia tano. Mkimwambia mnamchaji, anatafuta pesa. Mngemwambia mnamshitaki, angelia."

Yule askari wa chai ndiye aliyeanza kucheka. Wa kaunta alijizuia kidogo, kisha naye akashindwa. Akamuuliza shangazi yeye ni nani hasa, na aliposikia ni inchaji wa kule walikomtibia mwanawe, daftari likafunga lenyewe. Shangazi hakuwa mtu wa kuridhika na kicheko. Aliwakumbusha, kwa upole wa mtu mwenye sindano, kwamba Katiba yetu ya 1995 inawapa saa 48 tu za kumfikisha mtu mahakamani, na kwamba maandishi yale mekundu ukutani hayakuwekwa kuwa pambo. Nilikesha usiku mmoja, asubuhi nikatoka kwa dhamana, na dhamana kweli ilikuwa bure. Mwenye nusu ya karatasi alipatikana Wobulenzi wiki iliyofuata. Nikawa sikuchajiwa kwa maana ya polisi wala kwa maana yangu.

Aibu ilibaki. Kila mteja alisimama dirishani: "Ngapi, Afande?" Miezi miwili. Nikaamua nitalijua neno hili mpaka mifupa yake, maana liliniponyoka nikiwa nimelishika kwa mikono miwili.

Nikaanza na shangazi mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini wanamwita Inchaji wakati hatozi mtu. Akaniambia swali hilo aliwahi kuulizwa na bibi mmoja wa kijijini. Ada za hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, na kituo chake kikabandika bango: huduma zote ni "free of charge". Bibi yule akasomewa bango na mjukuu wake, akafikiri, akamfuata shangazi ofisini. "Mwanangu, wamesema hapa chaji haipo tena. Sasa wewe inchaji unafanya nini?" Shangazi anasema alicheka hadi akakaa chini, lakini jibu la kumpa hakulipata siku ile.

Kisha kuna "discharge", mdogo wake "charge", ambaye hospitalini ana kazi nyingi kuliko kaka yake. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, amekuwa "discharged". Usaha ukitoka kwenye kidonda, nao ni "discharge". Shangazi alikuwa na muuguzi mwanafunzi aliyeandika kwenye faili moja, mistari miwili iliyofuatana, kwamba hakuna "discharge" na kwamba mgonjwa apewe "discharge". Daktari wa zamu akaisoma mara tatu. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuguza binamu kwenye kliniki moja ya kulipia, jina lake silitaji, malaria imeshapoa lakini tunazungushwa kati ya dirisha la karatasi na dirisha la pesa. Huku wanasema hapati "discharge" mpaka alipe "charges", kule wanasema "charges" hazijakamilika kwa sababu hajapata "discharge" na kitanda bado kinahesabiwa. Tulitoka siku ya tatu. Siku hizo mbili za kitanda tulizilipa.

Mtu aliyenipa ufunguo alikuwa mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma ya msikiti. Alikuja kila siku na simu yake ya tochi, na kwa kuwa pensheni ilikuwa inachelewa, tulikubaliana alipe kwa maneno. Alikuwa na kamusi nene ya kiingereza isiyo na jalada. Jioni moja akaiweka juu ya betri ya lori, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa dirisha langu: CARRUS.

"Hili," akasema, "ni la Kilatini. Mkokoteni."

Chini yake akaandika CARRICARE, kupakia mkokoteni. Wafaransa wa kale wakalichukua likawa kama "chargier", na waliposhika utawala Uingereza likavuka nao bahari. "Charge", kwa hiyo, kwanza kabisa ni kupakia mzigo. Hakuna polisi, hakuna waya, hakuna mia tano. Mzigo tu. Na ndugu zake bado wako hai: "car" ni lile lile gari, "carry" ni kubeba, "cargo" ni shehena. Hata picha za katuni za wanasiasa tunazochekea magazetini, zile za masikio makubwa na matumbo, kiingereza chake "caricature" kimetoka Italia kwenye shina hilo hilo: picha iliyopakiwa kupita kiasi.

Nikamwambia Mwalimu, hayo mazuri, lakini polisi walinipakia nini?

Akafuta ubao kwa kiganja. "Kiswahili chako kiko wapi? Mtu akikuwekea ndoo kichwani tunasemaje?"

"Amenitwika."

"Basi tembea nalo."

Nikatembea nalo usiku kucha. Kutwikwa ndoo. Kutwikwa deni. Kutwikwa kazi. Kutwikwa kesi! Wala sikuhitaji Wafaransa. Sisi wenyewe tunasema fulani ametwishwa kesi, fulani amebebeshwa lawama, kana kwamba lawama ni gunia la mahindi. Polisi wanatwika mtu shitaka. Muuza duka anatwika bei. Serikali ilimtwika shangazi kituo kizima cha afya, ndiyo maana yeye ni inchaji: si anayetoza, ni aliyebebeshwa. Na mimi kibandani natwika simu nguvu. Yule bibi wa kijijini sasa angejibiwa.

Asubuhi nilimkimbilia Mwalimu kabla hajafungua dirisha. Akanisikiliza, akaniongezea moja la Kifaransa analolipenda yeye: nchi ikiwa haina balozi Kampala, ubalozi wake unaongozwa na "chargé d'affaires", yaani aliyetwikwa shughuli. Halafu akaniuliza swali lililonikalisha. "Na 'discharge'?"

Kutua. Mgonjwa katuliwa, bunduki imetua risasi yake, betri imetua nguvu iliyokuwa nayo. Kiswahili hakilazimishi neno moja libebe yote, lakini kina jozi ileile, kutwika na kutua, na kutua kwetu kumefika mbali: ndege inatua Entebbe, jua linatua, moyo unatua. Sijui kiingereza kama kinaweza kuwaambia moyo umekuwa "discharged" mkaelewa faraja.

Baadaye rafiki yangu wa Nakaseke, Muganda, akanionyesha kwamba hata wao wako njia hiyo. Kwa Kiganda kutwika ni "okutikka". Na Kabaka, mfalme wa Buganda, alipotawazwa Naggalabi tarehe 31 Julai 1993, sherehe ile iliitwa "amatikkira", na neno hilo hilo linatumika mwanafunzi akivishwa shahada Makerere. Kofia na taji kwao ni mizigo ya kichwani. Ukiwaza Kabaka anavyoishi, huenda wako sahihi kuliko wengine wote.

Kulikuwa na maana moja ambayo haikukubali kupakiwa. Hiyo ilikuwa ya babu.

Babu alikuwa Mnubi wa Bombo, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kikosi cha nne, cha Uganda. Alipelekwa Burma mwaka 1944, kwenye mvua na matope ya bonde la Kabaw. Sasa alikuwa mzee wa kukaa upenuni na fimbo. Siku nilipotoka kituoni na kusimulia habari yangu, bibi anageuza gurusa, mkate wetu wa Kinubi, jikoni, babu aliposikia neno "chaji" akasimama. Akaishika fimbo kwa mikono miwili kama bunduki yenye singe, akatanguliza mguu wa kushoto, akapiga ukelele uliowatoa kuku wote uani.

"Chaji!" akasema, akihema. "Chaji ni hiyo. Mengine mmeyaongeza ninyi."

Kwa babu, chaji ilikuwa amri. Ukiisikia unakimbia mbele, kwenye risasi, na singe imetangulia. Nilimpelekea Mwalimu hiyo kama mwanafunzi aliyempata mwalimu wake: hapa mzigo uko wapi? Akafungua kamusi, akasoma kwa muda mrefu. Zamani, akasema, bunduki na mizinga ilijazwa baruti kwa mdomo wa mbele, kipimo kwa kipimo, na kile kipimo ndicho "charge". Silaha ikishatwikwa, kinachofuata ni kuielekeza na kumwendea adui. Watu wa kamusi wanaona kuwa huenda neno lilisogea hivyo, kutoka kupakia silaha hadi kuvamia nayo.

Hapo ndipo alipoleta jambo lililonifanya niiangalie betri yangu upya. Miaka ya 1740 kule Philadelphia, Benjamin Franklin alikuwa anacheza na chupa za glasi zilizoweza kushika nguvu ya umeme. Alihitaji maneno, na maneno hayakuwepo, akaazima ya wapiga mizinga. Chupa ikijazwa akasema imekuwa "charged", kama mzinga uliotiwa baruti. Ikifyatuka, "discharged". Na alipounganisha vioo kadhaa vilivyojazwa vivyo hivyo vifyatuke pamoja, akaviita "battery", jina la mizinga iliyopangwa safu moja. Kwa hiyo lile dude jeusi la lori nililokuwa nikilala nalo kibandani nisije nikaibiwa lilikuwa kikosi cha mizinga, na mimi nilikuwa naitia baruti kwa mia tano mia tano. Nilimsimulia babu. Akanyamaza, akaitazama ile inveta, akasema, "Nilijua kuna askari ndani yake. Inalia."

Alipofariki tulifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na picha moja, kofia, na karatasi ya kuachishwa jeshi ya mwaka 1946, imekunjwa mara nane. Juu imeandikwa "discharge". Maisha yake yote aliita hiyo karatasi "dischaji yangu", na sisi watoto tulidhani ni jina la ugonjwa aliorudi nao.

Maana ya babu niliiona kwa macho mara moja tu. Tulikuwa tunakwenda Arua kwenye harusi, kwa pikapu, na baada ya Karuma, tukikaribia Pakwach, tukakuta ndovu kando ya barabara, jambo la kawaida upande ule. Binamu akashuka kupiga picha. Askari wa wanyamapori aliyekuwa karibu na pikipiki yake akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Rudi. Atachaji." Kwa nusu ya pumzi nilitaka kucheka, mimi fundi chaji, ndovu anaichajije simu ya binamu. Kisha yule mnyama akafungua masikio kama milango miwili, akainua kichwa, akaja hatua kumi hivi, ardhi ikisema, akasimama. Vumbi likatufikia kabla yeye. Binamu alikuwa ameshaingia garini kupitia dirishani.

Askari yule akatueleza kwamba ile ilikuwa chaji ya kutisha. Ya kweli, akasema, masikio yanalazwa nyuma, mkonga unakunjwa, na hasimami. Nilimuuliza mtu anazitofautishaje kwa haraka hiyo. Akasema, "Humsubiri akuonyeshe ya pili."

Tangu wakati huo, nikilisikia neno hili, najiuliza swali moja: nani anatwikwa, na anatwikwa nini? Linanifaa zaidi kuliko kamusi. Niliandikiwa barua na benki moja kuhusu "charge" juu ya kiwanja changu. Mwenzangu alidhani ni ada ya mwaka. Nikajiuliza, nikaona anayetwikwa hapa ni ardhi: kiwanja kimebebeshwa deni, nisipolipa kitauzwa. Ada ya mwaka! Tulikuwa karibu kusaini tukitabasamu. Siku hizi namwambia kila anayenijia na karatasi ya mkopo atafute neno hilo kwanza kabla hajatafuta kiasi cha riba, na asione haya kumuuliza karani chaji hii ni ipi. Karani wengine huudhika. Waache waudhike, mimi niliwahi kulala sakafuni kwa sababu ya kutouliza vizuri.

Wakati mwingine hata swali hilo halisaidii. Mechi za kibandani, mtangazaji wa kiingereza akisema "shoulder charge", bega kwa bega, hakuna aliyetwikwa chochote ila maumivu. Na mpishi wa kambini aliyekuwa akiniambia ana "charge" ya jikoni wiki hii, akimaanisha zamu, hadi leo sijui aliipata wapi.

Kibanda sasa ni cha matofali. Stima ipo siku nyingi, na watu wanachaji simu kwao, kwa hiyo riziki ilihamia kwenye pesa za simu, zilizoanza nchini mwaka 2009. Huko nako neno limeota wingi. Mteja anasema "tuma na chaji zake", yaani uongeze za kutolea, ili mama kijijini asikatwe. Mwaka 2018 serikali ilipoleta kodi ya asilimia 1 kwenye miamala hiyo, dirishani kwangu palikuwa mahakama. Kila mmoja alikuja na mahesabu yake, na kila mmoja alinitazama kana kwamba ndiye mimi niliyekaa bungeni. Nikawa nachajiwa, kwa maana ya kaunta ile ya zamani, kwa sababu ya chaji. Baadaye ikashushwa hadi nusu ya asilimia na kubaki kwenye kutoa tu, na sauti zikashuka.

Ile waya ya vichwa kumi na viwili ninayo bado. Kona moja ya meza nimeacha sehemu ya kuchaji, kwa wasafiri na wazee. Mpwa wangu ndiye anayekaa hapo baada ya shule. Analipenda somo la Kiswahili, ambalo baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 liwe la lazima shuleni, na ananirekebisha ninavyosema "chaji zake". Anataka niseme "gharama". Namwambia asome historia ya kibanda kwanza.

Shangazi alistaafu. Walimfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani, akakabidhi funguo na vitabu vya dawa. Kwenye hotuba mkubwa mmoja akasema leo "anaachia charge" ya kituo, na mimi peke yangu ndiye niliyetabasamu. Kituo kina mkubwa mpya sasa, kijana mwenye kompyuta, lakini Bombo haijui kubadilisha majina. Anaitwa inchaji mpya. Inchaji ni yule yule.

Wiki iliyopita alikuja dirishani jua limeshaanza kulegea, ametoka sokoni, kikapu kichwani na simu iliyozima mkononi. Mpwa akamtua kikapu, akaichukua simu, akatafuta pini yake.

"Ngapi, Afande?" shangazi akauliza. Hakuwahi kuliacha.

Mtoto hakuijua hadithi. Akajibu kwa heshima, "Bibi, Inchaji hachajiwi."

Shangazi akanitazama, nikamtazama. Akatoa sarafu ya mia tano kwenye fundo la kanga, akaiweka mezani hata hivyo, akavuta kreti la soda, akaketi kusubiri ijae.